Mkunga Aliyepewa Cheo

Kaeni vizuri, wapendwa. Na wewe mama mwenye mtoto huko nyuma, usitoke nje. Akilia, alie tu, hapa ni kwao. Somo la leo mmeshalisikia likisomwa, tena limesomwa vizuri, kwa hiyo sitalirudia. Nataka niwape mfano mmoja, kisha nitawauliza jambo. Majina sitayataja. Nikitaja jina hapa, kabla sijafika katikati mtakuwa mmeshaulizana huyo ni mtoto wa nani na ameolewa wapi, na mahubiri yangu yatakuwa yamekwenda na maji.

Kulikuwa na hospitali moja ya kanisa, juu mlimani, kwenye baridi ile ya kuvaa sweta mpaka saa nne. Katika wodi ya wazazi ya hospitali hiyo kulikuwa na mkunga, mama wa makamo, mwenye mikono. Kina mama mnanielewa ninaposema mwenye mikono. Kuna mkunga akikugusa tumbo unakaza meno, na kuna mkunga akikugusa unapumua. Huyu alikuwa wa kupumua. Wajawazito walikuwa wakifika getini wanamwuliza mlinzi kwanza, yule sista yupo zamu leo? Wakiambiwa hayupo, nyuso zinawashuka, na wengine walitaka kurudi nyumbani wamngoje, kana kwamba mtoto naye anaweza kuambiwa avumilie hadi kesho.

Wakubwa wa hospitali wakaliona hilo. Wakasema, mama huyu anafanya kazi vizuri mno, hatuwezi kumwacha hivi hivi, lazima tumpe kitu. Haya, niambieni nyinyi. Fundi akikujengea ukuta ukanyooka, unampa nini? Unampa ukuta mwingine. Mpishi wa harusi akipika pilau watu wakajilamba, harusi inayofuata unampa nini? Unampa sufuria. Lakini mkunga yule, kwa kuwa alizalisha vizuri, wakamtoa kwenye kuzalisha. Wakamfanya msimamizi wa wodi. Wakampigia makofi, wakamlisha keki, na watu wote wakaona ni jambo jema.

Mnaijua kazi ya msimamizi wa wodi? Mimi nilidhani naijua. Nilidhani ni kupita asubuhi na sare safi na kuuliza, mmeamkaje. Wacheni niwaambie ya mama yule. Kupanga zamu za wauguzi ilikuwa kazi yake. Muuguzi akiugua na nafasi ikabaki wazi, alitafuta wa kuiziba, na akikosa aliiziba yeye mwenyewe. Mashuka yakichelewa kufuliwa, aliitwa yeye. Sinki ikiziba, ni yeye. Dawa zikipungua stoo, ni yeye. Ndugu wa mgonjwa akija amefura mlangoni anataka kujua kwa nini dada yake amelazwa karibu na choo, anaonyeshwa mlango wake. Ripoti ya mwezi ni yake, ripoti ya robo mwaka ni yake, na vikao vyote ni vyake. Wageni wakija kutembelea hospitali, nani awatembeze? Mwenye kuzungumza vizuri. Nani huyo? Mnamjua.

Asubuhi alijimiminia chai ya maziwa akaiweka mezani. Jioni mhudumu wa usafi aliikuta pale pale, imefunga utando juu, akaimwaga. Ikawa ndiyo desturi ya ofisi ile, mmoja anamimina na mwingine anamwaga, na hakuna anayekunywa.

Wauguzi wake nao wakajifunza kuzungumza naye huku wanatembea. Mwenye shida alianza kuieleza mlangoni pa wodi, akaendelea nayo akimfuata koridoni kwa mwendo wa nusu kukimbia, akaimalizia nje ya stoo, na jibu akalipata keshokutwa, kupitia dirishani. Muuguzi aliyefiwa na mama mkwe aliambiwa pole mgongoni mwake, maana sista alikuwa ameshampita. Hakuwa na roho mbaya mama yule. Alikuwa na huruma tele, ila hakupata mahali pa kuketi aitoe. Ulimi wake ukaanza kuwa mfupi. Zamani alikuwa akimwambia muuguzi, umefanya vizuri mwanangu, lakini mara nyingine ufanye hivi. Sasa maneno ya mbele yakaanguka, yakabaki ya nyuma tu.

Basi wauguzi wakaanza kuondoka. Mmoja akasema anamfuata mume wake. Mwingine akasema anakwenda kusoma. Mwingine hakusema kitu, alikabidhi sare zimefuliwa na kupigwa pasi, akaaga wagonjwa kitanda kwa kitanda, akashuka mlima. Na kila alipoondoka mmoja, waliobaki waligawana kazi yake, na nani aliyechukua fungu kubwa? Msimamizi. Kwa hiyo akazidi kukimbia, akazidi kutoonekana, na kwa kuwa alizidi kutoonekana, akaondoka mwingine. Wodi ile ikawa inajila yenyewe.

Bodi ya hospitali ikakaa. Na mimi bodi nazijua, nimekaa nyingi. Mzee mmoja akasema vijana wa siku hizi hawana wito. Akasema kwa uchungu, na wenzake wakatikisa vichwa. Mwingine akasema ni simu, zinawaonyesha mambo ya mijini. Mwingine akasema ni baridi ya mlima, wanunuliwe masweta. Wakaongea kutwa nzima juu ya walioondoka, na hakuna aliyesema, hebu twendeni wodini tukamwangalie aliyebaki.

Mwishoni wakapata jibu. Iundwe kamati ya ustawi wa wafanyakazi, ikutane kila wiki na chai na maandazi, iwasikilize wauguzi kabla hawajakata tamaa. Wazo zuri, silipingi. Sasa mwenyekiti wa kamati hiyo awe nani? Mnacheka nini? Mmeshamjua.

Ndiyo. Mama ambaye hakuwa na nafasi ya kuwasikiliza wauguzi wake akaongezewa kikao cha kuwasikiliza wauguzi wake. Akakiandaa, akaagiza maandazi, akapanga viti. Saa ya kikao ilipofika yeye alikuwa nyuma ya jengo na fundi bomba. Alipokuja, mikono inanuka mtaro, wauguzi walikuwa wameshakula na kurudi kazini, na kwenye sahani limebaki andazi moja walilomwekea. Akalichukua akalila amesimama. Aliniuma sana mama huyo nilipomwona moyoni mwangu amesimama pale, na nataka awaume na nyinyi, kwa sababu hakuwa na kosa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mambo yanapoanza.

Alikuja muuguzi mmoja, binti, mkunga aliyetoka chuoni karibuni. Angeweza kupangiwa kazi mahali pa tambarare na joto, lakini aliomba mwenyewe kupanda ule mlima, kwa sababu huko chuoni alisikia kwamba hospitali ile ina sista mwenye mikono. Alitaka kujifunza kwake. Siku aliyoripoti akamwambia waziwazi.

"Sista, mimi vitabu nimesoma. Nimekuja unifundishe yasiyoandikika."

Msimamizi akafurahi mpaka akaacha kukimbia, akasimama, na kusimama kwake siku zile halikuwa jambo dogo. Akamwambia, "Mtoto wa kwanza atakayekuja ametanguliza makalio, nitakuweka mkono chini ya mkono wangu. Hiyo haifundishwi kwa mdomo."

"Ahadi, Sista?"

"Ahadi, mwanangu."

Binti akaanza kazi. Na alikuwa wa mtindo ule ule. Haikupita miezi, wajawazito wakaanza kumwuliza mlinzi, yule binti yupo? Msimamizi akiyasikia hayo anapita koridoni, alikuwa akitabasamu peke yake. Akamwombea kila asubuhi. Alikuwa akimwambia Mungu, Bwana, umenichukulia wengi, huyu niachie. Huyu akibaki, wodi itasimama hata mimi nikianguka. Hilo ndilo lililokuwa ombi lake, wapendwa, mlishike, maana alikuwa ameweka matumaini yake yote kwa mtu mmoja.

Siku ikafika. Mama mmoja akaletwa, uchungu umeshika, na mtoto ametanguliza makalio. Binti akatuma watu wamwite msimamizi, naye akaja mbio, akavua saa, akanawa hadi kwenye viwiko, akavaa glavu. Akasimama nyuma ya binti, akaleta mikono yake juu ya mikono ya yule binti. "Usivute," akamwambia. "Watu wote wanataka kuvuta. Wewe ngoja, mwache mama alete." Na yule mama aliyekuwa akijifungua, aliposikia ile sauti, akapumua.

Hapo hapo mlinzi akagonga mlango. Gari la oksijeni limefika. Na kwa utaratibu wa hospitali ile, mitungi haikushushwa mpaka msimamizi mwenyewe aikague na kutia sahihi kwa mkono wake, si mkono wa mtu mwingine. Dereva anasema ana hospitali nyingine mbele na mvua inataka kukata barabara. Asiposhusha sasa, anaondoka nayo. Na chumba cha pili kuna vichanga njiti, wanapumua kwa mtungi wa mwisho.

Ungefanya nini? Usinijibu haraka. Upande huu kuna mikono aliyoiahidi, upande ule kuna pumzi za watoto wasioweza hata kulia. Aliweka nani mtego huo? Si shetani. Hatuwezi kumsingizia shetani kila kitu. Ni sisi watu wa vikao tulioandika kwamba sahihi ni ya mtu mmoja.

Akavua glavu. Akamwita mkunga mwingine mzoefu asimame mahali pake, akatoka akikimbia kwenye mvua. Mitungi ikashuka, vichanga wakapata hewa. Aliporudi, nguo zimemganda mwilini, mtoto alikuwa ameshazaliwa, mzima, analia vizuri, na binti alikuwa anamfuta. Msimamizi akasimama mlangoni.

"Hukuvuta?" akauliza.

"Sikuvuta, Sista."

"Nilitaka nikuone." Akasema hivyo, akageuka haraka, kwa sababu machozi yalikuwa yameshakuja na hakutaka wagonjwa wayaone. Binti aliyaona. Tangu siku hiyo akaanza kumtazama msimamizi wake kwa namna nyingine, kama mtu anayesoma kibao cha njia kabla hajakata kona.

Baadaye ikasikika kwamba binti ameitwa kazi hospitali nyingine, mkoa mwingine. Hakuwa ameandika barua, alikuwa bado anafikiri. Lakini nyinyi mnajua habari za hospitalini, zinafika jikoni kabla ya kufika ofisini. Msimamizi aliposikia akaacha kila alichokuwa nacho mkononi, akaenda kwa mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa pale.

Akamwambia, "Daktari, binti yule akiondoka, mimi sitaweza tena. Nakuomba ufanye lolote."

Daktari alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo makusudi, kwa sababu mnapenda mfano uwe na mtu mbaya wa kumzomea, na leo simleti. Alikuwa mwema, mchapakazi, na alikuwa na uhakika na mambo yake. Akacheka kidogo, akasema, "Sista, wewe nenda kazini na moyo mweupe. Nina kitu cha kumpa huyo binti ambacho hakuna mtu mwenye akili anayeweza kukikataa."

"Kitu gani?"

"Utaona kwenye ibada."

Hospitali ile ilikuwa na ibada fupi ya wafanyakazi kila asubuhi kabla ya zamu, kwenye kikanisa kidogo karibu na jengo la dawa. Mtu akipewa madaraka, alitangazwa pale, mbele ya Mungu na wafanyakazi, halafu wanamwimbia. Desturi nzuri. Asubuhi hiyo kikanisa kikajaa hata wapishi wakaja na aproni zao, kwa sababu ilishavuja kwamba kuna neno.

Daktari akasimama. Akasema hospitali inajua kutambua watu wake. Akasema wako wanaodai kwamba hapa mtu akifanya vizuri haonekani, na leo atawaziba midomo. Sista wetu, akasema, tunampandisha, kuanzia sasa atakuwa matroni wa hospitali nzima. Makofi. Na kiti chake cha usimamizi wa wodi ya wazazi, ingawa ni kiti cha watu wazima, tumeamua kukikabidhi kwa mtu kijana, mwenye mikono kama yake. Akamwita yule binti mbele.

Vigelegele vikapasua paa. Wafuaji wakaanza wimbo. Wenzake wakamsukuma, nenda, nenda, na binti akaenda mbele taratibu, akasimama pembeni ya daktari. Wimbo ukaendelea kidogo, halafu mmoja mmoja wakaanza kunyamaza, kwa sababu binti alikuwa hatabasamu.

Akasema, "Shikamoo, Daktari. Shikamooni wote. Ninashukuru kwa heshima hii. Mlisikia kwamba nataka kuondoka. Nilikuwa sijaamua. Sasa nimeamua, ninaondoka."

Daktari akadhani hakusikia vizuri. "Binti, tumekupa cheo."

"Ndiyo, Daktari. Ndiyo sababu."

"Sikuelewi."

"Nilipanda mlima huu kumfuata Sista. Niliambiwa ana mikono, na ni kweli, mama mmoja alipumua mbele yangu kwa kuisikia sauti yake tu. Lakini tangu nimekuja, mikono hiyo nimeiona ikitia sahihi. Nimeiona ikibeba mashuka. Chai yake sijamwona akiinywa. Wenzangu walioondoka mlisema wamemfuata mume, wamefuata masomo. Daktari, hatukumkimbia yeye, na kazi ya kuzalisha hatukuikimbia. Tulikuwa tunamtazama, na kila mmoja wetu akawa anasema moyoni, nikifanya kazi vizuri sana hapa, huyu ndiye nitakayekuwa. Na sasa mmeniambia ni lini."

Mnasikia, wapendwa? Wakubwa walifikiri wanampa zawadi. Kumbe kile walichomfungia kwenye zawadi ndicho kitu chenyewe alichokuwa anakiogopa. Walitaka kumfungia mlango asitoke, wakamwonyesha kwa kidole mahali pa kutokea.

Daktari, maskini, akamgeukia msimamizi aliyekuwa ameketi benchi la mbele. Akamwambia kwa sauti ya kuomba, "Sista, sema naye. Wewe anakusikiliza. Mwambie abaki."

Kikanisa kizima kikamtazama mama yule. Na nyinyi mnajua alichokuwa akikiomba kila asubuhi. Mnajua alisema sitaweza tena. Kama kulikuwa na mtu mmoja hapo mwenye haja ya binti yule kubaki, alikuwa ni yeye. Akainuka. Akamwendea binti, akamshika mikono yote miwili, akaitazama mikono ile kwa muda mrefu.

Akasema, "Nenda, mwanangu. Nenda ukazalishe."

Na akaketi.

Daktari akabaki amesimama na karatasi yake ya hotuba. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya siku zote za uongozi wake. Akashuka, akaenda kuketi kwenye benchi lile lile kando ya msimamizi, akamwuliza kwa sauti ya chini, lakini kikanisa ni kidogo, watu wakasikia.

"Sista, hivi wewe kwa siku unafanya nini?"

Mama yule akafungua mdomo ajibu. Akaanza kucheka. Katika kule kucheka akaanza kulia, na alilia mpaka wapishi wakaja kumshika. Miaka yote ile aliulizwa kwa nini wauguzi wanaondoka, kwa nini ripoti imechelewa, kwa nini sinki inanuka. Swali lile hakuna aliyewahi kumwuliza.

Najua mnataka niwaambie binti alibaki. Hakubaki. Sitawadanganya ili mtoke hapa mna furaha. Alishuka mlima na sanduku lake, na hospitali ile ikampoteza mkunga ambaye huwezi kuagiza mwingine kama yeye. Hiyo ndiyo gharama, na waliilipa yote.

Lakini sikilizeni walichofanya baadaye, maana hawakuwa wapumbavu, walikuwa wamezoea tu. Umatroni wakauweka kando. Wakakaa na mama yule, wakamtua kitu kimoja kimoja. Oksijeni akapewa mtu wa stoo aipokee, na sahihi yake ikatosha, na dunia haikuanguka. Sinki na mabomba vikaenda kwa fundi moja kwa moja bila kupitia wodini. Karani akaajiriwa kwa ajili ya ripoti. Wageni wakatembezwa na wanabodi wenyewe, na walifurahi ajabu, kumbe walikuwa wanapenda kutembeza wageni. Wakamwachia msimamizi kazi iliyokuwa yake tangu mwanzo, kusimama na wauguzi wake penye wagonjwa. Wakaja wakunga wengine. Wa kwanza wao akafika siku mjamzito mmoja anajifungua mtoto aliyetanguliza makalio, na msimamizi akaleta mikono yake juu ya mikono ya huyo mgeni akamwambia usivute, na safari hii alibaki pale mpaka mtoto akalia. Mkunga huyo yupo hadi leo. Akiulizwa kwa nini haondoki, anasema, nakwenda wapi, bado sijamaliza kujifunza.

Huo ndio mfano wangu. Sasa nakuja kwenu, na nitakuja bila kubisha hodi.

Sisi tunalalamika. Nimewasikia kwenye vikao na nimewasikia mnapotawanyika. Mnasema vijana wetu hawataki kutumika. Ukimtajia binti uongozi wa kwaya, anahamia usharika mwingine. Ukimgusa kijana awe mzee wa kanisa, ghafla anapata safari. Tunasema hawana wito. Tunasema ni simu. Mimi nawaambia vijana wetu wana kitu kimoja tulichokisahau, nacho ni macho. Wanamwona mama anayeongoza umoja wa wanawake. Wanajua kwamba huyo huyo ndiye mhasibu wa ujenzi, ndiye mwalimu wa watoto wa Jumapili, ndiye anayewapikia wageni wa sinodi wakija, na msiba ukitokea ndiye anayeamshwa kwanza. Wanaona anafika ibadani amechoka kuliko alivyotoka nyumbani. Wanaona sisi tunampongeza na kumwongezea. Halafu tunawageukia kwa tabasamu tunawaambia, na wewe siku moja utakuwa kama yeye. Unashangaa anakimbia?

Na majumbani mwenu je? Yuko binti mmoja katika ukoo ambaye akipigiwa simu anapokea. Kwa kuwa anapokea, basi kila mtu anampigia. Mama anaumwa, ni yeye. Shamba lina kesi, ni yeye. Kila mkutano wa ukoo mnamsifu kwamba yule binti anajua kubeba familia. Wadogo zake wanasikia sifa hizo, na kimya kimya wanahamia mbali, mahali simu inaposumbua kushika. Hawawachukii nyinyi. Wameona tu mnavyomfanya mnayempenda.

Mtu akiondoka, sisi huwa tunamwuliza yeye, kwa nini unatuacha? Tumwulize, sawa. Lakini kwanza tugeuke tumtazame yule aliyekuwa mbele yake. Tumwangalie aliyebaki amebeba nini. Jibu liko mgongoni mwake, na wala halihitaji kamati.

Tena jambo hili si gumu. Nasema kwa uhakika kabisa, mambo mengi tunayoyaombea mkesha tungeweza kuyamaliza Jumatatu asubuhi, kwa mtu mmoja kusema, lete hicho, nitakishika mimi. Mungu hakutuomba miujiza hapo. Anatuomba mkono.

Na sasa hivi, mara baada ya baraka, tunabaki kwa uchaguzi wa viongozi wa mwaka. Najua majina mliyonayo vichwani. Ni yale yale ya mwaka jana, na ya mwaka juzi, tena mmoja mna mpango wa kumchagua akiwa kitandani kwake anaumwa, kwa sababu hayupo kukataa. Mwenyekiti wa uchaguzi leo ni mimi. Atakayenyoosha mkono kupendekeza jina la mtu, nitampa nafasi, nitamsikiliza, kisha kabla katibu hajaandika nitamwuliza swali moja mbele ya watu wote: wewe unamtua mzigo gani? Asiye na jibu, ashushe mkono.